Chumba Kisicho na Dirisha

Nakumbuka siku moja ya mwezi wa Shaabani, mwaka 1954. Nilishuka Amu, kisiwani Lamu, nikitoka Bombay, nikaambiwa mamangu amekufa na arubaini yake imeshapita.

Tulikuwa tumeachana vibaya. Mwanangu, nyumba zetu za mawe zina chumba kidogo nyuma kabisa, hakina dirisha. Humo wanawake hujifungua, na humo maiti huoshwa. Nami, kwa haraka ya ujana, nilitaka kuuvunja ukuta wake nipate pa kuweka bidhaa.

"Humu nimekuzaa," mama alisema, "na humu nitaoshwa."

"Mama, nani huyawekea mauti chumba, kama mgeni wa heshima?"

"Kwani kuna mgeni mwengine aliye na hakika ya kuja?" Akacheka. Mimi sikucheka. "Enda ukaone nti za watu, kisha uje uuvunde huu ukuta."

Nikaenda hizo nchi za watu, nikapakua mizigo bandarini miezi minane. Sitasema uongo, Bombay niliipenda. Lakini nyuma ya ghala letu watu waliishi kando ya barabara, chini ya magunia. Asubuhi moja nikaona mzee amekufa, mkewe anamwosha palepale, watu wanapita kwenda kazini. Alikuwa amevua ushungi aufanye pazia, ncha moja ameifunga kwenye nguzo, ya pili ameiuma kwa meno ili mikono yake ibaki ya kuosha. Nikaishika ile ncha, nikageuza uso. Alipomaliza aliniambia neno kwa lugha yake. Nadhani alinishukuru, sina hakika.

Mwanamke yule hakukosa haya, wala hakukosa mapenzi. Alikosa ukuta. Nami wangu nilitaka kuuvunja! Wiki ile nikatafuta chombo cha kurudi.

Mama mdogo, Bi Mwanaisha, ndiye aliyenipa habari. Mamangu alioshwa mle chumbani, na mtaa mzima ukapokezana jeneza lake. Nikamweleza nilivyogombana na mama.

"Alikusamehe kitambo," akasema. "Hata babako hakupata akili kabla ya miaka thelathini."

Mwanangu, usiache mbachao kwa msala upitao. Kabla hujavunja kitu cha wazee, uliza kimemsitiri nani. Kutembea ni kuzuri, nami sikukatazi, lakini nenda ukijua ulichokiacha. Mji wetu ni mdogo, punda ni wengi kuliko taa, ila maskini wake hafi akitazamwa na wapita njia. Kwa hilo najivuna, na Mwenyezi Mungu anisamehe kujivuna kwangu.

Mwezi ule haujesha, mvuvi mgeni kutoka Kizingitini alifariki Amu katika kibanda cha makuti alichokipanga. Wenzake hawakujua wamwoshee wapi. Nikawaambia wamlete kwetu. Bi Mwanaisha alinitazama nikifungua mlango wa kile chumba.

"Mungu akusitiri, mwanangu," akasema, "wewe na watakaokuja nyuma yako."

Kisha tukaenda kisimani kuteka maji.