Mama Tope wa Shimo la Matofali

Udongo mbichi ukinyeshewa na mvua una harufu yake, nayo hunirudisha kijijini kwetu, jirani na Mwimbi, kwenye shimo lililokuwa nyuma ya nyumba. Baba alichimba humo udongo wa matofali, na kila masika lilijaa maji na tope la kummeza mtoto.

Mama alikuwa na watoto wawili watundu, mimi na mdogo wangu Deo, na hakuwa na nafasi ya kutuchunga. Akatutungia Mama Tope. Huyo alikuwa mwanamke wa shimoni aliyefinyanga watoto wake kwa udongo, mvua ikawayeyusha kabla hajawachoma kama matofali. Tangu hapo, alisema Mama huku akisonga ugali wa ulezi, anatafuta watoto wasioyeyuka, awanyonyeshe tope mpaka wawe wake.

Hatukulisogelea shimo tena. Ila Deo aliisimulia hadithi shuleni, shule ikakisimulia kijiji, na haukupita muda jirani yetu Mama Gaspari akamnong'oneza Mama kisimani kwamba yeye mwenyewe amemsikia Mama Tope akibembeleza, tena ana kucha kama majembe. Kucha Mama hakuwa amezitunga yeye. Kuanzia siku ile, akienda kuni, alilizunguka shimo kwa mbali.

Alasiri moja ya mvua Deo hakuonekana. Tulimwita mpaka koo zikakauka. Ndipo shimoni kukatoka mguno mzito, kama wa kitu kinachonyonya.

Mama alichomoa mwiko chunguni, ugali bado umeung'ang'ania, akaenda hadi ukingoni. Nilidhani atatukana, kumbe alisema kwa adabu, kama mtu aliye msibani:

"Pole, mama mwenzangu. Najua wako waliyeyuka. Lakini huyu ni wangu, nimemzaa kwa uchungu. Nirudishie, au nakuja."

Mguno ukajibu. Mama akashuka, sehemu kubwa kwa makalio, kisha nikasikia mwiko ukifanya kazi. Aliyetoka mbio akipiga kelele alikuwa nguruwe wa Mama Gaspari. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Deo akachungulia kutoka kwenye kihenge cha nafaka, alikojificha kula sukari ya wageni. Alimtazama Mama, aliyekuwa na tope hadi kwenye nyusi.

"Mama, umemuua?"

Mama alifikiri kidogo. "Nimempiga tu. Bado yumo. Usisogee pale."

Kwa miaka mingi niliamini Mama alishuka kwa sababu alijua hamna kitu. Si alikitunga mwenyewe? Mwaka jana, nikimnyonyesha binti yangu hapa Sumbawanga, nilimuuliza Mama. Alicheka kwanza. Kisha akaniambia kwamba siku ile alikuwa ameshamwamini Mama Tope kuliko sisi wote, na hakutegemea kupanda tena.

Mimi nilikuwa ukingoni nacheka, kumbe mama yangu alikuwa ameshaiaga dunia.