Upande wa Mgeni

Juzi, katika kundi la simu la sisi wapenzi wa santuri za jazi, mtu aliuliza kila mmoja anasikiliza nini. Nikaikumbuka sebule yetu ya Ndhiwa.

Alasiri moja baba alirudi kutoka Karungu, kwa rafiki yake Okelo. Koti lake lilinuka moshi na viatu vilijaa matope meusi. Hakula. Aliipangusa santuri kwa kitambaa, akashusha sindano, tarumbeta ikaanza taratibu. Upande ulipoisha, aliirudisha sindano mwanzo, na ulipoisha tena akairudisha vilevile.

"Baba, huo upande mwingine hauna wimbo?" nikauliza.

"Uko na wimbo. Lakini huo ni wa Okelo, nyathina, mwanangu."

Ndivyo walivyozoeana: mwenyeji hupiga upande wa kwanza, mgeni ndiye hugeuza. Basi nikadhani Okelo yuko njiani. Nilipangusa kiti chake, nikakaa mlangoni nikitazama barabara, huku chai ya maziwa ikipoa na kufanya utando. Nilimkasirikia kwa kuchelewa. Sasa najua moshi ule ulikuwa wa moto wa matanga yake.

Santuri hiyo ninayo mimi. Jana niliipiga, nipate la kuwajibu wale wa kwenye kundi. Upande wa kwanza ukaisha, sindano ikabaki ikikwaruza. Nilikuwa peke yangu nyumbani, na santuri ilikuwa karibu na mkono wangu. Nikakaa tu, nikisubiri mtu aje aigeuze.