Breki ya mbele ilinigomea Tanangozi, na mjomba mshenga yuko nyuma

Wakuu, salaam nyingi, na nyie mnaosoma kimyakimya bila kukomenti nawaona pia.

Hii siyo chai. Ni ya miaka ya hamsini, na mimi ni babu kweli, kwa hiyo mkinibishia mnabishana na mvi. Shule niliishia darasa la nne, makosa ya herufi mezeni tu.

Nilikuwa kijana wa kiwanda cha mbao Mafinga. Nampenda Skola wa Kihesa, nalala kwa shida.

Siku hiyo mjomba anaenda kunipelekea posa. Tatizo ni kwamba kuna mwalimu mmoja Mbeya naye anamtaka Skola, na mshenga wake anakuja kwa basi siku hiyohiyo.

Nikaazima pikipiki ya msimamizi wetu. Kwa desturi mwoaji hatakiwi kuonekana kwenye posa, ila mjomba hajui kuendesha. Mngefanyaje?

Mjomba alikuwa na sharti lake: "Mshenga akianguka au akichafuka njiani, posa imekataa yenyewe. Tunarudi nyumbani."

Kapanda na koti jeupe. Jeupe, wakuu! Barabara ya vumbi!

Tulipofika Tanangozi tairi la mbele likatoboka. Nikatoa gurudumu, nikaziba tyubu, nikarudisha haraka kama mwizi.

Nikasukuma kidogo, nikabana breki. Kra! Waya wa breki umevutika kama kamba ya mbuzi. Nikaachia, gurudumu linasugua. Nikabana tena, leva ya breki imelegea hadi kwenye mshikio.

Na mbele yetu kuna mteremko wa Ipogolo, chini daraja na mto.

Hapo basi la Mbeya likapita. Mzee mmoja dirishani kaniinulia kofia. Nikajua ndiye mshenga wa mwalimu.

Nikakaza waya, wapi. Nikafungua gurudumu tena, nikafuta viatu vya breki kwa majani nikidhani vimeingia grisi. Wapi.

"Mpwa," mjomba kasema, "jua halikusubiri."

"Mjomba, shika basi hii leva nitazame chini."

"Mikono ya mshenga haishiki mafuta siku ya posa."

"Basi shika kwa meno!"

"Mama yako alikulea vibaya, na nilimwambia."

Nikakata kipande cha tyubu ya zamani niliyobeba kwa ajili ya viraka, nikaifunga leva ibane yenyewe. Nikalala chini vumbini, nikazungusha gurudumu.

Ndipo nikaona! Ile sahani inayobeba viatu vya breki inazunguka pamoja na gurudumu. Inatakiwa itulie. Ina mfereji wake, na kwenye foki, ile miguu inayoshika gurudumu, kuna kidole cha chuma. Kidole kinaingia kwenye mfereji, sahani haiendi popote. Mimi kwa haraka nilikiacha nje, ndiyo maana waya ulikuwa unavutwa.

Nikatoa gurudumu, nikaingiza kidole mahali pake. Halafu sikukaza nati ya gurudumu kwanza. Nikaifunga leva tena kwa ule mpira, viatu vikajipanga katikati vyenyewe, ndipo nikakaza. Nikafungua mpira, nikazungusha: gurudumu laini. Nikabana: limesimama tuli.

Ipogolo tulishuka taratibu. Mjomba kanikumbatia kama mtoto wa nyani, anasali rozari yote bila pumzi. Hatukuanguka. Koti likawa jekundu kidogo, lakini alisema vumbi la Mungu siyo uchafu. Sharti lake mwenyewe, analigeuza mwenyewe!

Kihesa tukakuta mzee wa basi ameshakaa ndani, anakunywa togwa. Roho ikaniishia. Mjomba akaingia, mimi nikabaki nje ya ua nikisikiliza, mikono myeusi kama sufuria.

Baba wa Skola akamwita bintiye. "Wamekuja wawili, na wote wamesema vizuri. Wewe unasemaje?"

Skola akachungulia nje, akaniona, akaziba mdomo asicheke.

"Baba, yule wa Mbeya katuma mtu. Huyu kamleta mtu wake mwenyewe."

Posa yetu ikapokelewa, na mjomba akatoka analia na kunitukana kwa pamoja.

Somo, vijana wa pikipiki: ukirudisha gurudumu la mbele, kabla hujasumbua waya tazama sahani ya breki imeshikwa. Halafu bana breki, ndipo ukaze nati. Haraka yako weka mfukoni.

Kuna mwingine breki zilimgomea siku ambayo hatakiwi kuchelewa? Tiririkeni hapo chini, ila matusi ya mjomba yanatosha.