Nani Kashuka Daraja?

Timu kubwa ya mji wetu wa Morogoro ilipoanza kuchungulia shimo la kushuka daraja, aliyeumia kuliko wote hakuwa kocha wala mwenyekiti, wala yule golikipa aliyekuwa anadaka mpira kama mtu anayeshika chura. Aliyeumia ni mimi, mkulima wa njegere huku juu Mgeta, ambaye mpira sijaupiga tangu siku niliyovunja dirisha la parokia. Na mpaka leo nikikumbuka nafura kama andazi.

Ujue kwetu ardhi ni ya ukoo wa mama. Mwanaume ukioa unalima ya wakwe, na mama mkwe akikuangalia vibaya, jembe linakuwa zito. Mimi nilikuwa nimepewa kipande cha mferejini. Kile kipande bwana! Maji yanapita chini, udongo mweusi kama masizi ya sufuria. Ukidondosha punje ya njegere asubuhi ukaenda kunywa chai, ukirudi unakuta imeshakufungia geti. Watu walikuwa wanapita njia ile ili wakione tu. Nilikipenda kuliko redio yangu, na redio yangu naipenda sana.

Sasa mpira wenyewe tulikuwa tunauongelea kwa kinyozi, pale malori yanapogeuzia. Kinyozi ni shabiki wa moja ya zile timu mbili za Dar, kama nusu ya nchi hii. Upande wetu tulikuwa wawili: mimi na katekista wa kigango, mtu mpole kabisa, isipokuwa akisikia tumefungwa.

"Mkishuka mtachezea wapi?" kinyozi aliuliza siku hiyo, mashine inanguruma kichwani mwangu. "Mtachezea viwanja vya kulishia mbuzi. Refa anapuliza kipenga mpaka mbuzi watoke kwanza."

"Wewe nyoa," katekista akamwambia.

"Nanyoa. Kwani nimeacha kunyoa? Nauliza tu, hizo jezi zenu mtazifanyia nini? Mimi nina madirisha ya kufuta."

Katekista akainuka kwenye benchi. "Kucheka unacheka, lakini hujui kinachokuja. Tukishuka, hiyo timu yako haitakanyaga Morogoro. Itakuja kufanya nini? Siku ya mechi kubwa mji mzima unakula. Mama lishe wa pale uwanjani wanapika wali njegere tangu alfajiri, na njegere zinatoka wapi? Zinatoka hapa hapa. Gesti zinajaa mpaka watu wanalala wamekaa."

"Siku hiyo hata mbwa wa Mafiga kule mjini wanakula pilau," nikasema.

"Mwambie. Na jambo la pili ndilo linaloniuma. Watoto. Mtoto hawezi kushabikia timu asiyoisikia redioni. Wote watakuwa wako wewe kinyozi. Mimi nabatiza, wewe unavalisha jezi!"

Kinyozi akacheka mpaka mashine ikanila kipande cha nywele juu ya sikio. Mimi sikuhisi, kwa sababu hasira ilikuwa imeshapanda. Nikawaambia, jamani, nani katufikisha hapa? Makocha watatu msimu mmoja! Mimi hata mbuzi sibadilishi hivyo. Tulikuwa na mshambuliaji mmoja tu anayejua goli liko upande gani, wakamwachia aondoke katikati ya msimu. Wakatuletea lijitu lina miguu kama milingoti ya simu, likipiga penalti mpira unatua Kilosa. Halafu mwenyekiti anasimama redioni anasema mashabiki tuwe na subira. Subira! Mimi nina subira ya kusubiri njegere miezi mitatu, na njegere haijawahi kunidanganya.

"Jumamosi ndo mwisho wa maneno," kinyozi akasema, anapangusa mashine. "Mkifungwa, kwaherini."

Jumamosi hiyo redio ikaamua kutangaza mechi ya Dar. Yaani sisi tunakata roho, wao wanatangaza watu ambao wameshashinda ubingwa! Ikabidi nimtegemee shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Huyu anaishi Kihonda, mjini, ana viatu vya kung'aa, na yeye pia ni shabiki wa timu ya Dar, basi uwanjani alikwenda kutucheka tu. Tukakubaliana anipigie mpira ukiisha.

Simu kwetu haishiki popote. Inashika juu ya jiwe moja kubwa mwisho wa kijiji, usimame upande wa kulia, shingo umeinamisha kama unasikiliza mzinga wa nyuki. Na hata hapo lazima upige kelele, kwa sababu upepo wa kule unaweza kukunyang'anya jina. Chini ya jiwe ni nyumba ya mama mkwe. Alikuwa uani na wanawake wenzake, wanatayarisha viroba. Siku hiyo ndiyo ya kuchuma: unachuma Jumamosi jioni, unamalizia Jumapili alfajiri, misa ikiisha lori linapakia, Jumatatu njegere ziko sokoni Dar. Likikupita hilo lori, njegere hazikusubiri. Zinakomaa, zinakuwa ngumu kama kokoto, utazipika mpaka mjukuu aoe.

Simu ikaita. Shemeji hakunisalimia.

"Shemeji, mmekufa! Mbili bila!"

"Sikusikii!"

"Nasema daraja! Mnashuka daraja!"

Hapo mimi macho yakaingia giza. Nikapiga kelele ambayo nadhani hata majirani zetu Wakutu kule nyuma ya mlima waliisikia. Nikasema: "Daraja? Daraja ndo basi tena? Mungu wangu! Tumekwenda na maji! Jamani, tumekwenda na maji!"

Simu ikakatika. Nikakaa juu ya jiwe nikashika kichwa, ile sehemu iliyoliwa na mashine inapigwa na baridi.

Sikuangalia chini. Ningeangalia ningeona mama mkwe ameacha kiroba, amesimama, kanga imemdondoka begani. Kwa sababu sisi daraja tunalo moja, la magogo, bondeni pale lori linapovukia kijito. Na mwaka mmoja wa masika makubwa daraja hilo liliwahi kwenda na maji kweli. Mwezi mzima lori halikupanda. Mama mkwe alitupa njegere zake kwa mikono yake mwenyewe, anazimwaga kwa ng'ombe huku analia. Sasa leo anamsikia mkwe wake, mtu mzima, juu ya jiwe la simu, analia daraja ndo basi, tumekwenda na maji. Wewe ungefanyaje?

Yeye akafanya kama mama mwenye akili. Akapanda kwenye kichuguu akaita bonde la pili: "Msichume! Daraja limekwenda!" Bonde la pili likaita la tatu. Huku kwetu habari haihitaji mtandao. Kabla jua halijazama, mteremko mzima ulikuwa umenawa mikono. Mimi nikapita katikati yao narudi nyumbani, wanawake wananiambia "pole baba, pole," na mimi naitikia "tumeshapoa, ndo dunia." Nikajisemea, ama kweli timu hii inapendwa! Hata akina mama! Nilitaka kulia kwa furaha.

Kesho yake misa ikaisha vizuri. Katekista alikuwa na uso wa Ijumaa Kuu. Tukiwa tunatoka kanisani tukasikia honi. Lori hilo hapo, linapanda, zima, tupu, na dereva anaimba.

Akashuka. Akaangalia kulia, akaangalia kushoto. Hakuna hata kiroba kimoja.

"Mzigo uko wapi?"

Mama mmoja akamjibu, "Wewe umepitaje, na daraja limekwenda na maji?"

"Limekwenda wapi? Nimelivuka sasa hivi! Au mnadhani lori limeruka?" Akavua kofia. "Mimi nimeacha kijiji cha chini wana mzigo mpaka juu ya paa, nimesema kwanza nipande kwa watu wangu. Kumbe watu wangu mmelala! Wiki ijayo nageuzia chini. Anayetaka, abebe kichwani anifuate."

Akaondoka. Honi yake ilikuwa kama matusi.

Ndo hapo kila mtu akaanza kuuliza, nani kasema daraja limekwenda? Bonde la tatu likasema la pili, bonde la pili likasema mama mkwe. Na mama mkwe aligeuza shingo taratibu mpaka macho yakafika kwangu, na mimi nikaona yale macho yanakuja tangu mbali, kama mvua inavyotoka upande wa pili wa bonde.

Mchana akaniita uani. Nikakaa kwenye gogo, kichwa chini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Baba, wewe jana ulilia maji. Maji gani?"

Nikamweleza. Kwamba mpira una madaraja: la juu wanacheza wakubwa, la chini wanacheza wadogo, ukifanya vibaya unashuka. Kwamba kwenda na maji ni maneno tu. Nilieleza mpaka jasho likanitoka, na kule kwetu kutoka jasho ni kazi.

"Hilo daraja lenu la mpira," akasema, "wewe umewahi kulivuka?"

"Hapana mama."

"Limewahi kukuvushia kiroba?"

"Hapana mama."

"Haya. Na huko mpirani, mtu akiharibu anafanywaje?"

Mimi mjinga, nikajibu. Ningeuma ulimi! Nikasema, "Anashushwa, mama. Anakwenda la chini, mpaka ashinde ndo anarudi."

"Utaratibu mzuri," mama mkwe akasema. "Basi kuanzia kesho mferejini utoke. Nenda kalime Jiweni."

Jiweni! Kipande cha Jiweni kiko nyuma ya lile jiwe la simu, mteremko wenye kokoto, umesimama kiasi kwamba ukipanda maharage lazima uyafunge kamba. Kuku akienda kule anashuka kwa makalio. Nikasema, "Lakini mama, kule ni juu. Huko si kushushwa, ni kupandishwa."

"Wewe panda," akasema, "utajua kama umeshuka."

Sikubisha. Nilistahili, sikatai, wanawake wa mabonde matatu walikosa lori kwa mdomo wangu. Wiki iliyofuata nilibeba viroba kichwani mpaka kijiji cha chini, safari sita, kuomba radhi. Dereva alipoona ninavyokunja shingo akacheka, akarudi kupanda kwetu. Kwa hiyo wote tulisamehewa, isipokuwa mimi na mteremko wangu.

Sasa sikiliza kinachonichoma. Kumbe timu haikuwa imeshuka! Ilikuwa imebakiza mechi ya mtoano, shemeji alikuwa ananitania. Wakaenda kwenye mtoano, wakabanwa dakika tisini, mwishoni beki wa wenzetu akajifunga kwa kisigino, mtu hajasukumwa wala hajaguswa. Tumebaki! Wakachinja ng'ombe. Mwenyekiti akapanda juu ya gari la wazi, anapungia watu mkono kama ameoa. Yule aliyefukuza makocha watatu, yupo. Lile lijitu la Kilosa, lipo, limeongezewa msimu. Hakuna hata mmoja aliyeshuka hata ngazi ya mlango. Nchi nzima, msimu mzima, katika wote waliouchezea mpira ule na waliouharibu, aliyeshushwa daraja ni mmoja tu, na alikuwa juu ya jiwe.

Na kipande cha mferejini unajua kapewa nani? Shemeji! Mtoto wa ukoo, sina la kusema. Anapanda kutoka Kihonda na viatu vyake vya kung'aa, anasimama pembeni, anauliza njegere ndo zipi.

Huu ni msimu wa pili niko Jiweni. Karoti zinatoka zimepinda kwa kukwepa mawe, lakini zinatoka. Kitu kimoja tu kizuri: mtandao uko wote. Na kila Jumamosi jioni, kabla wanawake hawajagusa njegere, mama mkwe anatoka uani, anaweka mkono juu ya macho, anaita mpaka mabonde yote yasikie:

"Baba! Daraja lipo?"

Mabonde yanacheka. Mimi nasimamisha jembe, naangalia kule chini kwenye magogo, naitikia, "Lipo, mama!" Ndo wanaanza kuchuma.

Jumamosi iliyopita tulikuwa tumefungwa tatu, nyumbani kwetu, na golikipa kashika chura wengine wawili. Mama mkwe akaita. Nikaitikia lipo.

"Na lile lingine?"

Nikajifanya naokota kokoto.

"Basi baba, wewe lima," akasema, na wanawake wakainamia njegere.