Anayenawa Mwisho

Mauwa hakuwa amepata kumaliza kula na kunawa mkono kabla ya wenzake kwenye sinia. Mimi, Fidès, ni jirani yake hapa kambi ya Dzaleka, Malawi, ukuta wetu ni mmoja, na kwa miaka yote niliyokula kwake sikuwa nimewahi kumwona akiinuka wa kwanza. Kwao Kindu, Kongo, anasema, mke mkubwa ndiye anayekata nyama na kuigawa, na ndiye anayenawa mwisho. Akinawa mapema amemwachia mwenzake nyama, na nyama ikienda, mume naye hufuata nyuma.

Ana mwili, Mauwa. Anauza usipa, dagaa wa huku, sokoni, na akikalia kiti chake kiti hakionekani. Mwili huo ulikuwa heshima yake mpaka sukari ilipomwingia. Macho yakaanza kufifia, miguu ikafa ganzi, na daktari wa Lilongwe akamwambia wazi kwamba asipopungua atakatwa mguu. Kaka yake Hamissi, aliyehamia Kanada, akasema atagharamia operesheni ya kupunguza tumbo. Kazi ya Mauwa ilikuwa kuchagua tu ni operesheni ipi.

Hapo ndipo anapoingia Faraja, mke mdogo wa Djafari, mume wa Mauwa. Zamani aliishi Area 25, mtaa wa Lilongwe, Djafari alikokuwa na duka, na Mauwa alijifanya kwamba mtu huyo hayupo duniani. Serikali iliposema wakimbizi warudi kambini, Djafari akarudi na magodoro, mizani na Faraja. Tangu hapo wanakula sinia moja. Faraja ni mwembamba, kiuno cha nyigu, na anakula kama ameajiriwa kula.

"Anakula nyama yangu na hanenepi," Mauwa aliniambia. "Inaendaka wapi?"

Wivu ulimkaa kooni kuliko mwiba wa samaki. Kibaya zaidi, Faraja anajua Kiingereza na Chichewa, na Mauwa hajui ila zikomo ya kushukuru na bei za samaki. Kwa hiyo siku ya kwenda kliniki, kule Area 47, mkalimani alikuwa Faraja. Ilimbidi Mauwa aeleze mbele ya mke mwenza anavyokula, anavyokojoa na anavyolala. Mficha uchi hazai, ni kweli, lakini methali haisemi uchi huo umfunulie nani.

Daktari akaeleza. Faraja akasikiliza, akamgeukia Mauwa, ambaye humwita yaya, yaani dada mkubwa.

"Yaya, operesheni iko mbili. Ya kwanza, munganga anasema, njo ya mukono. Banakata, banatupa, hairudi tena."

Mauwa akauficha mkono wake wa kulia ndani ya kitenge.

"Mi nagonjwa sukari. Mukono yangu imewakosea nini?"

"Yaya, ni jina tu."

"Mukono ya kugawa nyama. Najua ulikuwa unaingojea."

Ikabidi daktari achukue karatasi na kuchora, na Faraja avute mkono wa gauni lake. Ni mkono wa nguo, akaeleza, si wa mtu: sehemu kubwa ya tumbo inakatwa, linabaki jembamba hivi. Ya pili, ambayo Faraja aliiita raccourci, njia ya mkato, ni kutengeneza kifuko kidogo kama yai na kukiunganisha na utumbo mbele zaidi, ili chakula kiruke njia ndefu. Ya mkono ni rahisi zaidi, lakini kiungulia alichokuwa nacho kingeweza kuzidi. Ile ya njia ya mkato inapambana na sukari vizuri zaidi, ila atameza vitamini maisha yake yote, na akinywa chai yenye sukari nyingi anaweza kutetemeka na kutoka jasho. Zote mbili, matonge machache tu na tumbo limejaa.

Hayo matonge machache yalimchoma kuliko habari ya kisu. Akauliza kama hakuna operesheni ya muda. Daktari akasema upo mkanda wa kufunga juu ya tumbo, unaoweza kutolewa, ila yeye hauweki tena, umewasumbua wengi. Mauwa nusura alie. Angeuvua siku ambayo Faraja angeachwa.

"We ungechagua gani?" akamuuliza Faraja.

"Raccourci. Juu ya ile sukari."

"Basi ambia munganga, mi nataka mukono."

"Akufukuzaye hakwambii toka," Mauwa aliniambia waliporudi. "Faraja anataka nitetemeke mbele ya Djafari." Nilimjibu kwamba sukari haimjui mke mkubwa wala mdogo, itaula mguu. Akaninunia mimi pia.

Juma lile lile alikuwa uani anasonga ugali wa nsima, huku akimsema Faraja kwa sauti, makusudi asikie. Kaa la moto likaanguka kutoka kwenye jiko, likatua juu ya mguu wake. Akaendelea kusonga na kusema. Faraja ndiye aliyenusa harufu ya ngozi inayoungua. Alikuja mbio akalipangusa kaa kwa kiganja kitupu, na ni yeye aliyelia. Mauwa hakuwa amesikia maumivu yoyote, na ngozi ilikuwa imebabuka.

Wakakaa chini, mmoja ameshika mguu, mwingine kiganja. Mimi nilikuwa nikianika nguo, na macho hayana pazia.

"Yaya, chagua ile ya kuondoa sukari," Faraja akasema.

"Juu ya nini unataka nipone? Nikikufa, Djafari anabakia wako peke yako."

"Ukikufa ataleta mwingine. Mutoto kuliko mi. We nimeshakuzoea."

Mauwa akageuka kumtazama. Nadhani hakuwa amewahi kufikiri kwamba hata yule mwembamba huwa anakosa usingizi kwa wivu.

"Pigia munganga," akasema. "Ambia, raccourci. Lakini mi njo nimechagua."

Kabla ya kupasuliwa, daktari alimwamuru ale kidogo mno kwa majuma kadhaa ili ini lipungue, lisizibe njia ya kisu. Ijumaa moja Djafari akaleta nyama ya mbuzi. Nilikuwa nimeenda kurudisha kisu chao, nikabaki mlangoni. Mauwa aligawa nyama kama kawaida, akala matonge yake machache, akawa amemaliza kipimo alichopewa. Sinia lilikuwa bado limejaa. Akamtazama Djafari, akamtazama Faraja, kisha akavuta bakuli la maji, akanawa. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

Faraja alikuwa ameshika mnofu ambao hakuwa ameutia mdomoni. Akaurudisha kwenye sinia, akalivuta bakuli, akanawa kile kiganja chenye kovu.

"Nyama ingali iko," Djafari akasema. "Mi nakula na nani?"

Mauwa alikuwa akimkazia macho mke mwenzake.

"Hata kushiba utanifuata?" akamwambia, huku akisogea kwenye mkeka ampe nafasi.