Boti Isiyomleta Mama

Nakumbuka tulivyokuwa zahanatini Ujiji, miaka ile ya wakimbizi, na waliokuwepo nawataja wote: mimi niliyekuwa mke mpya wa Hamisi, Hamisi mwenyewe, baba mkwe wangu Mzee Ramadhani, Bibi Yudita, mkimbizi wa Burundi tuliyempa chumba cha uani, mjukuu wake Chantali, wa miaka kama sita, na Dada Rehema, mshauri nasaha aliyehamishiwa kwetu kutoka Tanga.

Mwanangu, mtoto yule alikuwa anatuponyoka. Boti yoyote ikinguruma ziwani, alikimbia mwaloni, boti zinapotia nanga, akaingia majini na nguo zake, akimwita mama yake. Siku iliyotangulia Hamisi alimtoa maji yameshampita kichwa.

Chantali akaachwa barazani pamoja na Hamisi, wakifinyanga udongo. Ndani, baba mkwe akaanza maneno yake.

"Dawa gani hii ya kuongea? Hata panado hakuna?"

"Shikamoo, Mzee. Panado ipo, ila kichwa kinachouma hapa si cha mtoto peke yake," Rehema alimjibu. Akamgeukia Bibi Yudita. "Bibi, mtoto anamngoja nani?"

Ndipo Bibi Yudita akasema. Binti yake alifia njiani wakikimbia. Kwao mtoto mdogo haambiwi kifo, kwa hiyo alimwambia mama atakuja na boti. Nasi nyumba nzima tuliitikia. Kila jioni tulimwekea mama ugali wake, tukaufunika kwa kawa.

"Aambiwe," Rehema alisema. "Na umwambie wewe, maana wewe ndiwe anayekuamini."

"Nitamuua mjukuu wangu!"

Hapo tukasikia injini ya boti itokayo kijiji cha Mwamgongo. Barazani Hamisi akapiga yowe. Mtoto amemng'ata mkono.

"Mleteni ndani! Bibi, kesho Hamisi asipokuwepo je?" Rehema aliuliza.

Hamisi akaingia naye, anarusha miguu. Injini ikazidi kusogea. Mwishowe Bibi Yudita akapiga magoti, akamshika mtoto mashavu.

"Chantali, mama hayumo kwenye boti. Alikufa. Nilimfunika kwa kitenge changu mwenyewe."

Miguu ikatulia. Mtoto akatutazama mmoja mmoja.

"Na ule ugali anakula nani?"

Baba mkwe akavua kofia.

"Mimi, mjukuu wangu. Alfajiri, kabla hujaamka."

Chantali akampiga ngumi za tumbo, akampiga bibi yake pia, ndipo kilio kikatoka, kilio chenyewe. Rehema hakumnyamazisha, na alituzuia tusimnyamazishe. Boti ikafika, ikashusha watu, ikaondoka. Chantali alikuwa mapajani kwa bibi yake, hakuinuka.

Hakupona siku hiyo. Tulirudi kila wiki, nyumba nzima, na baba mkwe ndiye aliyekuwa wa kwanza kuvaa viatu.

Mwanangu, mtoto wako akibadilika, usimpeleke kwa mshauri kama unayepeleka redio kwa fundi ukaondoka. Kaa naye, useme na lako. Na kifo mwambie kwa maneno mepesi ukiwa umemshika, kisha mwache alie. Mungu akupe ulimi wa kusema kweli na kifua cha kupokea ngumi zake.

Kama umri umenichanganya, ikawa boti ile si ya Mwamgongo, au nimemsahau mtu, aliyekuwepo anisahihishe. Chantali yupo Simbo na watoto wake. Muulizeni, yeye hakasiriki kuulizwa.