GPSDO yangu ilivyonionyesha pickup ya Mama Shiro ilipo

Wakuu, salamu kwenu. Haya yamenitokea mwenyewe hapa Umoja na bado sijatulia. Asiyeamini apite tu, sitamlaumu.

Mimi ni mtu wa redio za amateur, zile za kuongea na watu wa mbali kama hobi, na leseni ninayo. Redio ikipata joto, frequency inahamahama, na ukiongea kupitia satelaiti mwenzako anakusikia ukiteleza kama mlevi.

Ndiyo nikanunua GPSDO. Inasikiliza satelaiti za GPS, halafu inaishikilia redio isihame. Antena yake ndogo iko juu ya paa. Taa ikiwa kijani, mambo safi. Ikiwa nyekundu, imepoteza satelaiti.

Ilifanya kazi vizuri, hadi asubuhi moja nikakuta nyekundu.

Nikabadilisha waya. Nikaisogeza antena mbali na tangi la maji. Wapi! Mke wangu akacheka, akisema nimeuziwa takataka.

Siku hizohizo ploti yetu ilikuwa na majonzi. Pickup ya Mama Shiro, ile anayobebea mabelo ya mitumba kutoka Gikomba, ilikuwa imeibwa, na tracker yake, kile kifaa cha GPS cha kuonyesha gari lilipo, imenyamaza. Ni mjane, na gari ndilo linalolisha watoto. Jirani yetu Njoro, mwenye stoo kubwa pale chini, ndiye aliyekuwa akimpeleka huku na huku kila siku kuitafuta. Tulimsifu sana, jamani.

Sasa sikieni. Mtu wa boda aliyeniletea mzigo akalalamika: "Buda, hii gate yenu iko na nini? Nikifika tu hapa, location inapotea kwa simu."

Nikashtuka. Kumbe kifaa changu kizima! Kuna kitu kinaziba satelaiti, na wezi wa magari wanayo mashine ya namna hiyo, ya kunyamazisha tracker.

Nikafungua app ya kuhesabu satelaiti kwa simu, nikazunguka. Barabarani ziko tele. Nikielekea stoo ya Njoro zinapungua. Mlangoni pake, hakuna hata moja.

Basi mashine iko humo ndani, na pengine pickup pia.

Nilipomwambia Mama Shiro, alinikasirikia. "Baba Kevo, usimchafulie Njoro jina! Huyo ni ndugu yangu." Lakini alikubali twende polisi.

Polisi walipomfanya Njoro afungue mlango, pickup ilikuwa ndani, viti vimeng'olewa, dashboard imepasuliwa ili kutafuta tracker. Mashine ya kuziba satelaiti nayo ilikuwa imechomekwa kwa betri.

Njoro aliinamisha kichwa. Mama Shiro hakupiga kelele. Alisema tu, "Njoro, si leo asubuhi umekunywa chai kwangu?"

Polisi wakamchukua. Wakuu, nililia.

Kikulacho ki nguoni mwako, nimeisema tangu shule bila kuielewa. Somo langu: mashine ikikuambia kitu, isikilize kabla ya kuiita takataka.

Lakini nisaidieni hapa. Watoto wa Mama Shiro walimzoea Njoro, wanamwita uncle, na jana mdogo aliniuliza atarudi lini. Nilimwambia aende akacheze kwanza. Nyinyi mngemjibu nini?